Milimita Nane

Mizinga kumi na miwili imerudi kutoka Handeni
juu ya fuso la mahindi, imefungwa kwa kamba ya katani.
Mama Kiluvia hakugomba. Alifunua mmoja
akanionyesha fremu zilivyogandana,
hazing'oki hata kwa bisibisi.
"Nyuki wamekagua kazi yako," akasema, akaomba maji.

Nyuki hana futi wala cheti cha ufundi,
ila mwachie milimita nane, atapita.
Ukizidisha, anajenga sega. Ukipunguza, anaziba kwa gundi.
Mimi nilimwachia nane hapa, tano pale, kule kumi na moja,
kisha nikalaumu mbao, nikalaumu umeme wa Makorora.
Sekiete, kijana wangu, aliilaumu mashine:
tuliinunua mnadani, shamba la mkonge lilipofungwa,
"imezoea kulala, fundi, haitaki kazi."

Leo hatukati. Leo tunaipanga.
Waya nimeuchomoa kwanza;
kidole changu kifupi kinajua kwa nini.

Tukafungua milango ya magurudumu: vumbi la mvule debe zima
na mayai mawili ya mjusi, meupe kama vidonge.
Sekiete akayahamishia kwenye kopo la misumari.
Rula ndefu, juu mpaka chini: magurudumu yawe uso mmoja.
La juu limerudi nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti.
Nikatia washa. Nikapima. Nikatia ya pili.

Utepe mpya, meno matatu kwa inchi, yakitazama chini.
Nikakaza mpaka ukaguna nilipoudonoa kwa ukucha.
Ukilegea utatangatanga,
ukizidi utakatika, na mteja amesimama mlangoni.
Nikazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu,
utepe ukapanda, ukashuka, ukatulia katikati ya mpira.
Vishikizo vya pembeni: nafasi ya karatasi.
Tulitumia risiti ya luku.
Beringi ya nyuma isiuguse utepe ukiwa mtupu,
iupokee ukisukumwa tu, kama shemeji mwema:
yupo, kanyamaza, mpaka uelemewe.
Mwisho meza. Niliposimamisha skwea, uzi wa mwanga ukapenya.
Nikalegeza nati, nikagonga kwa kiganja,
mwanga ukafa.

Sasa waya ukutani. Kipande cha ubao, mstari wa penseli,
bila egemeo, mikono mitupu.
Mikono ikajua kabla ya macho:
ili mstari unyooke, ubao sharti uende mshazari,
kidogo tu, kuelekea kwa muuza mihogo.

"Bado mbovu," akasema Sekiete.

Nikazima. Ubao sikuutoa.
Nikaukandamiza pale pale ulipokuwa
na kuchora ubavu wake juu ya meza.
Si mbovu. Una upande wake.
Miaka sita nililinyoosha egemeo kwa ukingo wa meza,
nikadhani meza ndiyo inayokata.

Tukalifunga egemeo kwenye ule mstari,
limekaa upande kama mtu anayesikiliza mlango wa pili.
Ukiliangalia utacheka. Sekiete alicheka.
Kisha akasukuma msaji wa Muheza, ubao wa kwanza,
na sauti ikawa moja toka mwanzo hadi mwisho,
haikupanda, haikuomba.
Kumi na tisa kichwani. Kumi na tisa katikati.
Mkiani kumi na tisa na unywele.
Akapima tena. Akafuta kipimo kwa shati, akapima tena.

Jioni mzinga mmoja uko tayari, fremu zinaingia
na kutoka kwa vidole viwili.
Sijampigia Mama Kiluvia. Nitamwambia nini?
Wakaguzi wako Handeni, hawana simu,
na huwa hawasemi mpaka msimu upite.
Nimefagia. Nimelegeza utepe, nao upumzike.
Kopo la misumari nimelisogeza mbali na mlango,
maana Sekiete anasema moja limetikisika.